Mkono wa Tatu

Maumivu yalimkuta Sikudhani amekalia mbuzi, anakuna nazi. Kifuu kilimponyoka kikabingirika mpaka miguuni pa mkwewe, na yeye mwenyewe akabaki kajikunja, meno kayauma, machozi yanamlengalenga.

"Umejikata?" aliuliza Bi Mwanjaa.

"Sijajikata, mama."

"Basi mbona umeruka hivyo? Wapi panauma?"

Sikudhani akautazama mkono wake wa kulia, akaupindua. Mzima. Akautazama wa kushoto. Mzima nao. Akakosa la kufanya, akanyoosha kidole akaonyesha hewani, mbele ya bega lake, juu ya gunia la mkaa lililoegemezwa ukutani.

"Pale," alisema.

Bi Mwanjaa akatazama pale. Aliliona gunia, akauona ukuta, na mjusi aliyekuwa akipita na shughuli zake.

"Penye mkaa?"

"Juu yake kidogo."

Bi Mwanjaa hakuwa mwanamke wa kupayuka. Aliokota kifuu, akakipuliza mchanga, akamrudishia mkwe wake na kumwambia kwa upole kwamba huenda ana mimba. Mimba ya kwanza nayo ilimletea vituko, hakumbuki alivyokula udongo?

"Sina mimba, mama. Mkono wa tatu unaniuma."

Hapo Bi Mwanjaa akakaa kitako.

Mkono wa tatu haukuwa jambo la ajabu kwa watu wa Mtaa wa Chini. Juu yao lilisimama bwawa la Kwamzinda, ukuta mweupe ulioziba bonde zima, na chini kabisa ya ukuta ule, katika handaki lililojaa maji na giza ambamo binadamu hawezi kuingia, ulikaa mkono wa chuma mrefu kuliko nyumba ya ghorofa. Kazi yake ilikuwa moja, kufungua na kufunga lango la maji. Aliyeuendesha alikaa juu katika chumba cha vioo, kavaa glavu mkononi na ukosi shingoni, na chini ya bega lake ilikuwa imepandwa mbegu, kidude kidogo kama punje ya mtama kilichozoeana na mishipa yake ya fahamu. Mbegu ikishashika, mtu hauendeshi tena ule mkono. Anakuwa nao. Chuma kikipata baridi, anasikia baridi. Tope likiingia kwenye kiungo, anasikia anakwaruzwa, na ndivyo walivyokuwa wakijua pa kusukumia grisi kwa mabomba.

Sikudhani alikuwa na mikono mitatu tangu usichana wake mpaka alipozaa. Ilimchosha. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mkutanoni akasema wamechoka kurudi nyumbani na uchovu ambao huwezi kuukanda, maana unapotaka kuukanda huukuti. Kwa mara ya kwanza wakubwa wakasikiliza. Zikaletwa kosi mpya, kosi bubu, zinazopeleka amri chini na hazirudishi uchungu juu. Tatizo likawa kwamba kosi bubu hazikupatana na mbegu za zamani. Waendeshaji wa zamani wakashukuriwa kwa keki na soda, kila mmoja akapewa glavu yake iwe kumbukumbu, na kiti cha Sikudhani akakikalia Tunu, binti wa jirani, mwenye mbegu ya kisasa na kicheko cha karibu.

"Mbegu zenu zitalala zenyewe," waliambiwa.

Ya Sikudhani, kumbe, ilikuwa macho.

*

Mtu akiumwa na kitu kinachojulikana, watu humpa dawa. Akiumwa na kisichojulikana, kila mtu humpa yake. Shoga yake wa nyumba ya pili alimwambia ni kijicho, watu waliuonea wivu mshahara wake. Muuza duka alimshauri aache chumvi. Mumewe, Hoza, ambaye alikuwa fundi wa pampu na alipenda mambo yenye bomba linaloonekana, alimkanda mabega yote mawili kwa mafuta ya mchaichai mpaka nyumba ikanukia, kisha akauliza kama kuna nafuu.

"Mabega yanashukuru," alisema Sikudhani. "Mwenye shida hajaguswa."

Hoza akamshika mkono akampeleka zahanati. Daktari Mnkande alikuwa kijana, mpole, na hakumcheka. Akapitisha kipimo mgongoni, akaiona mbegu ikimeta, akavuta kiti karibu.

"Dada, ubongo una kumbukumbu," alisema. "Uliishi na kiungo, kikaondolewa. Ubongo bado unakitafuta. Maumivu yako ni ya kweli kabisa, ila hayana kidonda. Naweza kuiua mbegu kwa tone moja la dawa. Utatoka hapa mzima."

"Na baadaye?"

"Hakuna baadaye. Mbegu ikifa haifufuki."

Hoza alikuwa ameshaanza kumkunjia mkewe mkono wa gauni. Na Sikudhani naye, tuseme ukweli, alitamani. Hakuwa amembeba Chausiku, mwanawe, tangu maumivu yaanze, kwa kuogopa yatamkuta kampakata amwangushe. Mtoto alikuwa akimnyooshea mikono, na mama anampisha kwa bibi yake. Hilo lilimuuma kuliko mkono wenyewe.

Lakini kuna jambo lilikuwa likimkera, akalisema.

"Daktari, kumbukumbu ni ya jambo lililopita, sivyo?"

"Ndiyo."

"Mimi mkono ule umewahi kunielemea, umewahi kunikwaruza. Haya ya sasa ni ya kupasua. Yanaanzia kwenye kifundo, yananyata, halafu yanapasua. Sijawahi kuyapata, hata siku moja. Sasa ubongo wangu unakumbuka nini?"

Daktari Mnkande akafikiri, na kwa heshima yake hakubuni jibu. "Sijui," alisema. "Lakini kutojua kwangu hakukupunguzii maumivu. Dawa itakupunguzia."

"Nipe nafasi niulize watu."

"Mama Chausiku," alisema Hoza, sauti imechoka, "tumeshauliza mtaa mzima. Amebaki nani?"

"Hatujamuuliza mtu aliyekatwa."

*

Aliyekatwa alikuwa Mzee Kilua. Mguu wake wa kushoto ulichukuliwa na mashine ya mkonge alipokuwa kijana, na tangu hapo alikuwa akitembelea gongo na ulimi. Alimsikiliza Sikudhani bila kumkatiza, jambo ambalo watu waliokuwepo walilisimulia baadaye kama muujiza.

"Mguu wangu ulikuwa ukiniwasha kwenye unyayo," alisema. "Unyayo wenyewe haupo. Nikajikuna kwenye mkeka, nikajikuna kwenye mlango, wapi. Siku moja nikamuuliza muuguzi, mguu wangu mliuweka wapi? Akaniambia tuliuchoma na takataka. Mwanangu, nililia. Wenzangu viungo vyao vilizikwa kama ada, wangu ukachomwa na bandeji. Nikaenda jalalani kwao, nikachota majivu, nikayazika nyuma ya nyumba. Kuwasha kukaisha."

"Kukaisha kabisa?"

"Mguu wangu umelala. Wako hauna pa kulala. Umeondoshwa hukuagwa. Keki na soda ndiyo maziko?"

Sikudhani akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya nazi. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu aliona ina maana.

Kwa hiyo wakaamua kuuzika mkono. Wenye busara zao za mjini watacheka, na wacheke. Mtaa wa Chini ulikuwa umezika watu wengi na ulijua kazi hiyo vizuri kuliko kazi nyingine yoyote. Vijana walichimba shimo kando ya banda la kuku. Bi Mwanjaa aliitoa ile glavu ya kumbukumbu kabatini, akaikunja katika kitambaa cheupe. Majirani wakaleta sufuria, wakaleta mchele, na shoga wa nyumba ya pili akaleta kilio, maana yeye popote alipo hulia. Maalim Shekue alisema wazi kwamba yeye glavu haiswalii, asije akaulizwa huko mbele. Lakini kuchimba shimo si dhambi, na pilau si dhambi, akakaa.

Walikuwa wamefika pa kuishusha. Sikudhani ndiye aliyeishika mwenyewe, kapiga magoti, anajaribu kutafuta maneno ya kuagana na chuma. Ndipo yakamrudia. Yalianza kwenye kifundo, yakanyata, yakapasua. Glavu ikamtoka.

"Wanafungua lango," alisema.

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akacheka kidogo. Kisha kutoka juu bwawani king'ora kikalia, ule mlio mrefu unaotangulia maji, unaowafanya wanawake wa mtoni waondoe nguo zao kwenye mawe ya chini.

Kicheko kikakatika.

Bi Mwanjaa ndiye aliyepata akili upesi kuliko wote. Aliivua khanga yake ya juu, akamfunika mkwe wake kichwa na masikio, akamgeuza uso uelekee banda la kuku. "Kaa hivyo hivyo," alisema. "Ukisikia kitu, sema."

Wakangoja wote, na pilau likaanza kupoa. Sikudhani chini ya khanga alikuwa akipumua kwa shida. Mwishowe akasema, "Wanalirudisha. Linasita. Haya, limefunga." Na hapo king'ora kikatoa ile milio miwili mifupi ya kufunga.

Mzee Kilua alijiinua kwa gongo lake, akalitazama shimo, akaitazama glavu.

"Tumekosea," alisema. "Nilikushauri kuzika, mwanangu, nikidhani umefiwa. Huyu yuko hai, anafanya kazi, na anaumia."

"Kifundo kimepata ufa," Sikudhani alisema huku akijifunua. "Si mimi ninayeumwa. Ni ule mkono."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa yaliyobaki. Mvua zilikuwa zimejaza bwawa mpaka juu. Mkono ukikatika lango likiwa wazi, hakuna wa kulifunga, na maji yangeushukia mtaa huu, na nyumba hizi, na watoto waliokuwa wakizunguka sufuria wakingoja kupakuliwa.

Hoza akamvuta mkewe kando.

"Nisikilize. Twende kwa Daktari akiue hicho kidude leo hii. Kesho tuhamie Korogwe kwa kaka. Wengine tuwaambie nao wahame. Huna deni na bwawa, walishakutoa."

"Nikishakiua, nani atajua?"

"Wana mitambo yao."

"Baba Chausiku, mitambo yao imesema nini mpaka leo?"

Hoza alikuwa fundi, na alijua pampu zinazosoma vizuri kwenye saa huku zinavuja chini.

"Utaumia," alisema.

"Naumia tayari. Angalau sasa najua naumia kwa ajili ya nini."

*

Walipanda bwawani kama walivyokuwa, na nguo zao za mazikoni. Njiani king'ora cha kufungua kililia tena, na Sikudhani akamng'ang'ania Hoza mpaka yalipopungua. Mlinzi alipoona Maalim Shekue mbele na Mzee Kilua akipiga gongo nyuma, alidhani kuna msiba wa mtu mkubwa, akafungua geti kwa adabu.

Injinia Mchome aliwapokea mlangoni pa chumba cha vioo. Alikuwa mtu wa makamo, si mkorofi. Yeye mwenyewe alianzia kwenye kiti kile kile miaka mingi nyuma, na kosi bubu aliziagiza yeye. Alimsikiliza Sikudhani mpaka mwisho, kisha akamwonyesha ukuta wenye taa. Zote zilikuwa za kijani.

"Mkono ni mzima, Sikudhani. Vipimo vinasema hivyo."

"Vipimo vimewekwa wapi?"

"Begani na kwenye kiwiko. Kifundo hakijawahi kuhitaji kipimo."

"Hakijawahi kwa sababu kilikuwa na sisi."

Injinia akapangusa miwani yake. "Ninyi wenyewe mlilia mtolewe maumivu. Wewe ndiye uliyesimama. Niliwahurumia, nikawatoa. Sasa unarudi kunidai maumivu?"

Lilikuwa neno la haki, na Sikudhani hakulikwepa. "Nililia," alisema. "Nilitaka unisaidie kubeba. Sikujua utamtupa mtoto na mbeleko yake."

Kitini, Tunu alikuwa ameacha kutazama skrini. Glavu ilikuwa mkononi mwake, lango liko robo wazi kule chini, maji yananguruma ndani ya ukuta. Walisikia mngurumo huo kwenye nyayo.

"Dada Siku," alisema, "ninapolivuta, unaumia?"

"Sana, mdogo wangu."

"Mimi sisikii kitu. Nikivuta kwa nguvu huwa naona ni sawa tu."

"Huna kosa. Hukupewa pa kusikilia."

Injinia akaingilia kati. Lango likifungwa likabaki limefungwa, alisema, maji ya ziada yatapitia mfereji wa dharura, na mfereji wa dharura unamwaga mashambani kwao. Mahindi yote ya Mtaa wa Chini yatakwenda. Sikudhani anataka yeye akawaambie hivyo watu wale pale nje?

"Wako hapa. Waambie."

Alitoka akawaambia. Watu wakatazamana. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, na palizi ya pili ilikuwa imewavunja migongo. Bi Mwanjaa, mwenye shamba kubwa kuliko wote, akajifunga khanga upya kiunoni.

"Mahindi tutapanda tena," alisema. "Wewe funga mlango wako."

Injinia akarudi ndani jasho linamtoka. Akasema hawezi. Jiji lote linategemea maji yale kwa umeme, yeye hana mamlaka ya kusimamisha lango kwa sababu mtu mmoja ana mbegu isiyolala. Daktari, kwa maelezo ya Sikudhani mwenyewe, alishapendekeza tiba. Sikudhani aikubali, kisha yeye ataomba mafundi waje kukagua mvua zikipungua.

Ukutani, juu ya msumari, ulikuwa unaning'inia ukosi mmoja wa zamani uliobakizwa wa akiba. Sikudhani akautungua. Akaufuta vumbi kwa pindo la nguo yake, akamnyooshea.

"Una mbegu kama yangu, mzee. Najua pale ilipo, maana kovu lako na langu alitupasua daktari mmoja. Yako imelala, ukosi huu utaiamsha. Vipimo vinasema mkono ni mzima. Vaa."

Injinia Mchome akautazama ukosi.

"Kama hauumi," Sikudhani alisema, "vaa. Mimi nitashuka niende kwa Daktari sasa hivi, na hutaniona tena hapa."

Nje ya kioo watu walikuwa wamesogea wote. Injinia aliinua mkono wake, ukafika nusu, ukaishia hapo. Kidole gumba kikaanza kusugua chini ya bega lake mwenyewe, taratibu, pale penye kovu. Akarudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyemcheka. Ila kila mtu aliona, na yeye alijua wameona.

Tunu akaivua glavu yake, akaiweka juu ya meza, akaondoka kitini.

"Mimi silivuti tena nisilolisikia," alisema.

"Lakini lango liko wazi," Injinia alisema kwa sauti ndogo. "Lazima mtu alifunge. Na kama ufa upo kweli, akilivuta vibaya..."

"Najua," alisema Sikudhani.

Akakaa. Kiti kilikuwa kimeinuliwa kwa ajili ya Tunu aliyekuwa mfupi, akakishusha. Akavaa glavu. Ukosi akaushika mkononi kidogo, akamtazama Hoza kule nje ya kioo, na Hoza, ambaye alikuja na nia ya kumrudisha nyumbani, akaitikia kwa kichwa. Akaufunga shingoni.

Mpaka dakika hiyo alikuwa akisikia mwangwi tu. Sasa ulikuja mkono wenyewe, baridi yake, uzito wake wote wa chuma na maji, na ule ufa kwenye kifundo ukampasua mpaka macho yakaona giza. Alitukana. Alitukana tusi ambalo Maalim Shekue baadaye alidai hakulisikia. Kisha akaanza kuvuta.

Alivuta palipouma kidogo, akaacha palipouma sana. Kila ufa ulipotaka kufunguka aliusikia ukinyata, akalegeza, akageuza kifundo upande kama mtu anayepitisha kitanda mlangoni, akavuta tena. Tunu alisimama nyuma yake amemshika mabega yote mawili. Hayakuwa mabega yanayouma, na hata hivyo yalisaidia. Injinia ndiye aliyekuwa akisoma vipimo vya lango kwa sauti, robo, thumni, kidole, na sauti yake ilikuwa ya mwendeshaji wa zamani, haina ubosi hata chembe. Mara moja kifundo kilitoa mlio ambao hata wasio na mbegu waliusikia ndani ya ukuta. Sikudhani akapiga ukelele. Hakuachia.

Lango likakaa mahali pake. King'ora kikatoa milio miwili. Mngurumo wa nyayoni ukafa, na baada ya muda, upande wa pili wa bonde, yakasikika maji yakianza kuingia mashambani.

Injinia Mchome akauzima mtambo kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni. Aliinua simu ya kuzungumzia na jiji, akakaa nayo kabla ya kubonyeza.

"Watamleta mwendeshaji mwingine kesho," alisema. "Na injinia mwingine."

Sikudhani alikuwa akiufungua ukosi. Alipomaliza aliutundika kwenye msumari wake.

"Waje," alisema. "Yeyote watakayemkalisha hapa, mvalisheni huu kwanza. Na yeyote atakayemwamuru avute, naye mvalisheni."

Nje, Bi Mwanjaa alimkabidhi Chausiku bila kuuliza, na Sikudhani akampokea kwa mikono miwili. Mtoto akamshika sikio. Daktari Mnkande alikuwa amefika akihema, mkoba wa dawa mkononi. Aliposimuliwa yaliyotokea aliufunga mkoba wake.

"Tone langu lipo," alisema mwishowe. "Ukilihitaji."

"Nitalihitaji, kaka. Wakishautoa mkono wakaufunga mwingine, utaniua mbegu hata siku hiyo hiyo. Leo bado."

Waliteremka pamoja. Chini kule vijana walikuwa wameshashika majembe ya kufukia shimo kando ya banda la kuku, maana shimo wazi si jambo jema karibu na watoto. Mzee Kilua akamuuliza Sikudhani kama waendelee.

"Liwekeeni mbao juu, msilifukie," alisema. "Tena lichimbeni liwe refu zaidi. Mwenyewe anakuja."